Mguu Huanza Kuokolewa Zahanati

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana saratani ya mfupa, swali la kwanza huwa moja: mtamkata mguu? Ana haki ya kuuliza. Ila kwa watoto wengi wa Mtwara na Lindi swali hilo huulizwa wakati jibu lake lilishaanza kutengenezwa miezi kadhaa nyuma, na waliolitengeneza hawakujua wanachokifanya. Yupo aliyelichua goti kwa mafuta ya moto. Yupo aliyetoa panado kwa mara ya tatu bila kuagiza picha. Yupo aliyepasua uvimbe akidhani ni jipu. Ninavyoona mimi, upasuaji atakaofanyiwa mtoto wa Tandahimba au Liwale huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajapanda basi la Dar es Salaam. Tukitaka miguu mingi zaidi ibaki, kazi ya kwanza iko huku kusini, kwenye zahanati na vituo vya afya, hata kabla ya kuzungumzia viungo vya chuma vya mamilioni.

Saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe ni adimu. Kwa vijana wa kati ya miaka 10 na 20 inayoongoza ni osteosakoma, ikifuatiwa na sakoma ya Ewing. Watu wazima hupata zaidi kondrosakoma, ile inayotokana na gegedu. Osteosakoma hupenda mahali mfupa unaporefuka kwa kasi: mwisho wa mfupa wa paja juu kidogo ya goti, mwanzo wa mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, na karibu na bega. Ndiyo maana huwashika watoto katika umri ule ambao suruali ya shule huwa fupi ndani ya muhula mmoja.

Uadimu huo ni sehemu ya hatari yake. Mganga wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa wa pili wa aina hii. Anachokutana nacho kila siku ni malaria, goti lililoumia mpirani, mfupa wenye usaha, maumivu ya selimundu. Mtoto akija anachechemea, akili inakwenda kwenye yale ya kila siku, na mara nyingi inakuwa sahihi. Lakini maumivu ya saratani yana tabia yake. Hayatulii kwa kupumzika. Humwamsha mtoto usiku. Huongezeka wiki hadi wiki, na baadaye hujitokeza uvimbe mgumu usiosogea ukiusukuma. Sakoma ya Ewing inaweza hata kuja na homa, ikafanana kabisa na usaha wa mfupa, na mtoto akapewa dawa za viuavijasumu mwezi mzima huku ugonjwa ukiendelea na safari yake.

Karibu kila familia itakwambia yalianza baada ya kuanguka. Kweli mtoto alianguka. Watoto wote huanguka. Anguko halileti saratani hii, linafanya tu watu waliangalie goti. Nalisisitiza hili kwa sababu hadithi ya anguko ndiyo inayompeleka mtoto kwa mchuaji, na ikishindikana huko huja maelezo mengine, kwamba amekanyaga kitu, kwamba kuna mtu ana kijicho na familia. Sina ugomvi na waunga mifupa wetu. Wapo wazee wa Kimakonde na Kimwera walionyoosha mikono iliyovunjika ikarudi kufanya kazi ya jembe. Lakini mfupa wa saratani umeliwa kwa ndani. Ukikandwa kwa nguvu unaweza kuvunjika, na ukivunjika damu yake hubeba seli za ugonjwa na kuzimwaga katika nyama iliyokuwa bado safi. Chale nazo, zikichanjwa juu ya uvimbe, huiharibu ngozi ambayo mpasuaji angeihitaji kufunikia kidonda, na zikiingia usaha huweza kuchelewesha dawa zote kwa wiki kadhaa.

Kinachohitajika mwanzoni si kitu kikubwa. Ni picha ya eksirei ya pande mbili, inayoonyesha mfupa mzima pamoja na kiungo cha juu na cha chini yake. Mashine hizo zipo hospitali ya Ligula mjini Mtwara, zipo Sokoine mjini Lindi, zipo Ndanda na Nyangao kwenye hospitali za misheni. Daktari aliyefundishwa nini cha kutazama ataona mfupa ulioliwa na wakati huohuo kujijenga ovyo, miali ya mfupa mpya ikitoka nje kwenda kwenye nyama, na ngozi ya mfupa ikiwa imeinuliwa pembeni kama kona ya pembetatu. Akiona hivyo, au hata akishuku tu, kazi yake inayofuata ni ngumu kuliko inavyoonekana: aache kugusa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana miguu mingi hupotea hapa. Daktari mwenye nia njema akishuku saratani hutaka uhakika, na uhakika unatokana na kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, na kukipeleka maabara. Ni kipimo cha lazima. Lakini kila njia ambayo kisu au sindano imepita kufikia uvimbe huhesabiwa kuwa imechafuliwa na seli za saratani, na katika upasuaji mkubwa itabidi njia yote hiyo iondolewe pamoja na uvimbe. Mkato ukiwa umechanjwa kwa kulalia upande, kukatisha mguu, badala ya kushuka na urefu wa mguu, au ukiwa umepita karibu na mishipa mikubwa ya damu nyuma ya goti, mpasuaji wa mwisho anakuta nyama ya kuondoa ni nyingi mno kuliko inayobaki. Mguu uliokuwa unaokoleka unakatwa kwa sababu ya jeraha la sentimita chache.

Henry Mankin, daktari wa mifupa wa Boston, na wenzake walilipima jambo hili mara mbili. Mwaka 1982 walitoa matokeo ya wagonjwa 329 wenye vivimbe vya mifupa na nyama: asilimia 4.5 walikatwa kiungo ambacho kisingekatwa kama kipimo cha kinyama kingefanywa vizuri. Mwaka 1996 wakarudia kwa wagonjwa 597, wakakuta asilimia 3. Makosa yalikuwa mengi zaidi pale kipimo kilipofanyiwa hospitali iliyompa mgonjwa rufaa kuliko pale kilipofanyiwa hospitali iliyokuja kumtibu. Hayo ni matokeo ya Marekani, kwenye hospitali zenye kila kifaa. Ushauri wao ulikuwa rahisi, na ndio ninaoutetea: kinyama kikatwe na timu ileile itakayofanya upasuaji wa mwisho, au kwa maelekezo yake ya moja kwa moja, baada ya picha zote kupigwa.

Kwa nini mpasuaji ajali njia ya sindano kiasi hicho? Kwa sababu kanuni ya upasuaji huu ni kwamba uvimbe wenyewe usionekane. Mpasuaji huutoa ukiwa umefunikwa pande zote na nyama nzima isiyo na ugonjwa, bila kisu kuugusa wala kuufungua. Akiona uvimbe uso kwa uso, amekaribia mno, na uwezekano wa ugonjwa kurudi palepale unapanda. Kila mjadala wa kukata au kuokoa mguu unarudi kwenye kanuni hii. Ikiwa anaweza kuuzunguka uvimbe wote na akabakiza mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na misuli ya kutosha kuufanya mguu utumike, mguu unaokoleka. Ikiwa hawezi, kuung'ang'ania mguu ni kumwachia mtoto saratani ndani yake.

Zamani hapakuwa na mjadala. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu kila mwenye osteosakoma ya mguu alikatwa, na pamoja na kukatwa, zaidi ya wanane kati ya kumi walifariki. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu kwa vipande vidogo visivyoonekana kwenye picha yoyote. Kilichobadilisha mambo ni dawa. Doksorubisini, sisplatini na methotreksati ya dozi kubwa, zikitolewa kabla na baada ya upasuaji, ziliwafikisha wanaopona, kwenye nchi zenye huduma kamili na kwa wagonjwa ambao ugonjwa haujasambaa, hadi takribani 60 au 70 kati ya 100. Kemo, yaani dawa hizi za saratani, ya kabla ya upasuaji huchukua wiki kama 10, na uvimbe ukiitikia huwa mgumu na hujitenga na nyama ya jirani, hivyo mpasuaji hupata nafasi. Mwaka 1986 Michael Simon na wenzake walilinganisha wagonjwa 227 waliokuwa na osteosakoma mwishoni mwa mfupa wa paja, waliokatwa na waliookolewa mguu. Uhai haukutofautiana.

Maana yake kwa mzazi wa Newala ni mbili, na zote ziende pamoja. Kuokoa mguu, panapowezekana, hakupunguzi nafasi ya kuishi. Na kukata mguu peke yake, bila dawa, hakumponyi mtoto. Wapo wanaodhani wakishakubali kukatwa wamemaliza, wanarudi nyumbani na magongo, na baada ya miezi mtoto anaanza kukohoa. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu wa kulia kwa osteosakoma mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alikimbia kilomita 5,373 kwa siku 143 akiwa na mguu wa bandia, kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Aliyekuwa akikimbia kiasi hicho kwa mguu mmoja hakushindwa na kukatwa. Alisimamishwa na mapafu, ugonjwa uliporudi huko, na akafariki Juni 1981.

Sasa tuseme picha zimepigwa mapema, kinyama kimekatwa vizuri, dawa zimefanya kazi, na mfupa uliougua umetolewa. Linabaki pengo la sentimita 15 au 20 katikati ya mguu wa mtoto, mara nyingi pamoja na goti lenyewe. Litazibwa na nini?

Njia inayosifiwa zaidi ni kiungo kikubwa cha chuma kinachochukua nafasi ya mfupa na goti kwa pamoja. Mgonjwa husimama baada ya siku chache, goti hukunja, na kwa nje mguu ni mguu. Kwa watoto vipo hata vinavyoweza kurefushwa kadiri mwili unavyokua. Sikatai uzuri wake. Lakini chuma hakiishi milele ndani ya mwili wa kijana wa miaka 14. Hulegea, huchakaa, huvunjika, na atarudi kwenye chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja katika maisha yake. Kikiingiwa na vijidudu, jambo linalotokea kwa sehemu isiyo ndogo ya wagonjwa, huenda kikatolewa chote, na wapo wanaoishia kukatwa mguu kwa sababu hiyo miaka kadhaa baada ya saratani kupona. Mwenye kiungo hiki hatakiwi kuruka, kukimbia mpira wala kubeba gunia la korosho la kilo 80. Na gharama yake, hata kikitoka India ambako hutengenezwa kwa bei nafuu kuliko Ulaya, ni mavuno ya misimu kadhaa ya mkulima wa ekari tano.

Zipo njia nyingine ambazo ningependa madaktari wetu wazizungumze zaidi na wazazi. Mojawapo ni kuutumia mfupa uleule uliougua. Hutolewa nje, ukasafishwa uvimbe, seli zilizobaki zikauawa kwa moja ya njia tatu: kuchovywa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kama walivyofanya Wajapani wa Kanazawa, kupashwa moto wa nyuzi 60 kwa nusu saa, au kupigwa mionzi mikali mara moja. Kisha hurudishwa mahali pake na kukazwa kwa vyuma vya kawaida. Unaingia sawasawa kwa sababu ni wa mwenyewe. Hauhitaji benki ya mifupa wala kuagizwa ng'ambo. Kasoro ni kwamba mfupa uliouawa huchelewa kuunga na unaweza kuvunjika, hivyo mara nyingi hupandikiziwa kando mfupa mwembamba wa muundi, ule wa nje, ukiwa na mishipa yake ya damu ili ulete uhai. Nchi yenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na mashine za mionzi za taasisi ya saratani ya Ocean Road ndani ya jiji moja ina vitu vingi vya kuanzia njia hii.

Upo pia uamuzi wa kuligandisha goti moja kwa moja, paja na muundi viunge kuwa mfupa mmoja ulionyooka. Ni mguu imara, hauna chuma cha kuchakaa, unabeba mzigo. Lakini fikiria maisha ya mguu usiokunja kwenye uwanda wa Makonde: choo cha shimo cha kuchuchumaa, kukaa mkekani kwenye shughuli, kiti cha katikati kwenye basi la Masasi, kupakizwa bodaboda kwenye mchanga wa Nanyamba. Daktari anayempa kijana mguu huu bila kumuuliza anaishije amemtibu nusu.

Na ipo njia moja ambayo wazazi hushtuka wakiisikia, nami naamini inastahili kusikilizwa kwa utulivu. Sehemu ya katikati yenye uvimbe, pamoja na goti, huondolewa. Mshipa mkuu wa fahamu huachwa mzima. Muundi na kanyagio vilivyobaki hupandishwa juu, vikageuzwa nyuzi 180, vikaungwa na paja, kisigino kikitazama mbele. Kifundo cha mguu kinakuwa goti jipya: mtoto akiinua na kushusha kanyagio lake, anakunja na kunyoosha mguu wa bandia uliovikwa kwake. Mjerumani Borggreve aliueleza upasuaji huu mwaka 1930 kwa kifua kikuu cha goti, Mholanzi Van Nes akaujulisha mwaka 1950, na miaka ya 1970 wapasuaji wa Vienna wakautumia kwa saratani. Mguu huo hauna chuma kinacholegea, unakua pamoja na mtoto, na mwenye nao anakimbia, anapanda, anacheza. Maumivu ya kiungo kisichokuwepo, yanayowatesa wengi waliokatwa, huwa hayamsumbui hivyo, maana neva zake zipo na zinafanya kazi. Tatizo ni macho ya watu. Kanyagio lililogeuka nyuma, kwenye kijiji ambako ulemavu bado huulizwa "nani kafanya", ni mzigo wa kweli, na binti wa miaka 13 ana haki ya kusema hapana. Lakini aambiwe kuwa njia hii ipo. Aonyeshwe picha. Azungumze na mwenye nao kama yupo. Kumficha kwa kudhani hataelewa ni kumdharau.

Mkono ni hesabu nyingine. Mguu wa bandia ulio mzuri humwezesha mtu kutembea. Mkono wa bandia, hata wa bei kubwa, hausokoti kamba wala haumenyi muhogo kama vidole vya mtu mwenyewe. Kwa hiyo kwenye bega wapasuaji hukubali mambo mengi ili kiganja kibaki: bega likigoma kuinuka, mkono ukiwa mfupi kidogo, bado mtu anaandika, anakula, anambeba mwanawe. Ipo mifupa mingine, kama ule mwembamba wa muundi au sehemu ya bega la nyuma, ambayo huondolewa na mtu akaendelea na maisha bila pengo kuzibwa kabisa.

Na kukata kupo. Uvimbe uliozingira mshipa mkuu wa damu na neva, uliopasuka ngozi na kutoa harufu, uliovunja mfupa na kumwaga damu kila upande, uliokataa dawa, mara nyingi hauachi nafasi nyingine. Nataka niseme wazi kwamba katika hali hizo kukata ni tiba kamili, inayofanywa na mpasuaji aliyefikiri, na kijana anaweza kujenga maisha juu yake. Mji huu uliwahi kuwaona vijana wengi waliokatwa: wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji Frelimo walikuwa na hospitali yao hapahapa Mtwara, na majeruhi waliovushwa Ruvuma walitembea mitaani kwa magongo, wakasoma, wakafanya kazi. Kinachoniuma ni mguu unaokatwa kwa sababu ya kuchelewa, mguu ambao Machi ungeokoleka na Septemba haukuokoleka.

Kuchelewa huko hakutokani na ujinga peke yake, kama baadhi ya wataalamu wanavyopenda kusema. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Kutoka vijiji vya ndani vya Liwale ni siku nzima kabla hujaiona lami. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini eneo la Somanga na magari yakalala njiani. Kemo inayotakiwa kurudiwa kila wiki tatu haisubiri barabara. Na fedha ya mkulima wa korosho ina majira: mnada ni Oktoba hadi Desemba. Goti likianza kuuma Aprili, wakati wa palizi, hakuna kitu ndani. Baba anayeuza korosho zikiwa bado maua kwa mlanguzi, mtu wa kangomba, kwa bei ya kutupa, ili apate nauli, amefanya uamuzi wa mzazi. Na mwaka unaofuata, dozi ya nne ikifika, hana cha kuuza. Watoto wanaotibiwa Muhimbili wamesaidiwa sana na shirika la Tumaini la Maisha kwa dawa na mahali pa kulala familia. Lakini nani amtunze mdogo wake aliyebaki Nachingwea, nani aipulizie mikorosho salfa Juni, hayo hayamo kwenye fomu yoyote ya hospitali, na ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani katikati ya matibabu.

Wengine hutoroka siku ileile neno kukatwa linapotajwa. Nimesikia wahudumu wakilalamika kwamba wazazi hawa hawaelewi. Mimi naona mara nyingi wameambiwa vibaya: wamesimama kwenye korido, daktari ana foleni, anasema "itabidi tukate" na kupita. Mama hajaambiwa kwamba kwanza kuna wiki kumi za dawa, kwamba kuna mpasuaji wa kutazama kama mguu unaokoleka, kwamba hata ukikatwa kuna mguu wa bandia na utapatikana wapi. Huku kwetu uamuzi wa namna hii haufanywi na mama peke yake. Mjomba lazima asikie, hasa kwenye koo zetu zinazofuata upande wa mama. Kumwita mjomba aketi na daktari nusu saa, hata kwa simu, kunaweza kuokoa maisha kuliko kipimo kingine chochote siku hiyo.

Kuna wanaotaka vyuma hivi vya kuokoa mguu vianze kuwekwa Mitengo, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Naelewa hamu hiyo. Kusini imesubiri vingi kwa muda mrefu. Hata hivyo kwa hili sikubaliani nao. Upasuaji wa ugonjwa adimu hunufaika ukifanywa na mikono michache inayoufanya mara nyingi, na wagonjwa wa mikoa miwili hawatoshi kumfanya daktari awe hodari. Ubaki MOI, pamoja na hospitali nyingine za kanda zenye timu kamili. Kinachopaswa kuhamia kusini ni vyote vinavyotangulia na vinavyofuata upasuaji.

Vinavyotangulia: agizo moja linaloeleweka kwa kila zahanati ya Mtwara na Lindi, kwamba mtoto au kijana mwenye maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, au uvimbe mgumu karibu na goti au bega, apigwe eksirei ndani ya wiki moja, na asichuliwe, asipasuliwe, asikatwe kinyama. Picha itumwe kwa simu kwa daktari bingwa wa mifupa Mitengo, na yeye awasiliane na timu ya Muhimbili siku hiyohiyo. Picha ya kifua ipigwe hukuhuku. Ustawi wa jamii waanze karatasi za msamaha hapa, familia isiende kuanza kueleza umaskini wake kwa mtu mgeni Dar es Salaam. Na watu wa kwanza kufundishwa dalili hizi, sambamba na wauguzi, wawe wachuaji na waunga mifupa, kwa sababu wao ndio humwona mtoto mapema kuliko sote. Wakiitwa kwa heshima watakuja.

Vinavyofuata ni mazoezi ya viungo na mguu wa bandia. Mtoto anayekua huhitaji mguu mpya karibu kila mwaka, na tundu lake hurekebishwa mara nyingi zaidi ya hapo. Fundi wa viungo bandia aliyesomea TATCOT, chuo kilichopo Moshi tangu 1981, anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe akipewa tanuri, plasta ya kuchukulia kipimo na bajeti ya malighafi. Kliniki ya mkoba ya viungo bandia ipite Masasi, Newala, Nachingwea na Kilwa walau mara moja kila robo mwaka, na mara mbili kati ya hizo ziangukie baada ya minada, Desemba na Januari, familia zinapokuwa na nauli. Mpango huo uwekwe kwenye bajeti za halmashauri za mwaka ujao, na madiwani wanaoingia kwenye vikao vya kuzipanga tunawajua kwa majina.